Upinde kuvunjika mara ya kwanza kuvutwa

Umeuliza kama upinde wako ulivunjika ulipouvuta mara ya kwanza kwa sababu mti ulikuwa mkavu. Si ukavu wa mti, ni kule kuuchonga upande wa nje. Upande ule unaotazama shabaha ndio unaovutika upinde ukipinda, na ukizikata nyuzi za mti hapo, ufa huanzia pale pale kisu kilipopita. Toa gamba tu, basi. Kupunguza unene kufanyike upande wa ndani, ule unaokutazama wewe ukivuta. Mti mbichi ungekuletea tatizo jingine kabisa: hauvunjiki upesi, ila unabaki umepinda hata ukiondoa upote (kamba ya upinde), na mshale hauendi mbali.

Nasema hivi kwa sababu pinde zangu mbili za mti wa mkole zilikatikia huko huko upande wa nje nilikochonga. Wa tatu niliuacha ukauke kivulini miezi minne, nikaparua kidogo kidogo kwa kipande cha chupa, huku nikiuvuta nusu tu na kuangalia kama mikono yote miwili ya upinde, wa juu na wa chini, inapinda sawa. Mkono mmoja ukiwa mgumu, ule mlaini ndio unaobeba mzigo wote na ndio utakaovunjika. Parua ule mgumu, usiguse mwingine.

Lakini kama ulivunjikia penye fundo, huenda kuchonga kwako hakuna kosa. Nyuzi hukizunguka kifundo na hapo huwa padhaifu, bora kuacha unene zaidi. Na kama uliuvuta ukauachia bila mshale, sababu yaweza kuwa hiyo: nguvu yote hurudi kwenye mti.