Mkuu, usisaini hiyo fomu ya udhamini kwanza

Weka kalamu chini. Umeuliza usajili kampuni au jina la biashara, ada za BRELA (wakala wa usajili wa biashara Tanzania) zikoje, na kama uingie kwenye VAT, kodi ya ongezeko la thamani, mapema. Halafu katikati ukapenyeza, kama jambo dogo, kwamba shemeji yako amekuomba umdhamini kwenye mkopo wa kampuni yake, na kwamba "haina shida, kampuni ni Limited, dhima ina kikomo". Niliposoma hapo nikaacha kula.

Hicho kikomo cha dhima, yaani cha wajibu wa kulipa madeni, ni cha mwanahisa, na wewe huna hata hisa moja pale. Mwenye hisa 100 za shilingi 10,000 kila moja, akiwa amelipia nusu, kampuni ikifilisika anadaiwa ile 500,000 iliyobaki, basi. Kampuni ni mtu anayejitegemea mbele ya sheria; Waingereza waliliamua hilo tangu 1896 kwenye kesi ya Salomon, mtengeneza viatu wa London, na sisi tukalirithi. Benki zinalijua hilo kuliko mimi na wewe. Ndiyo maana haziipi kampuni changa hela mpaka apatikane mtu mwenye mshahara au kiwanja wa kusaini kwa jina lake mwenyewe. Mtu huyo ndiye wewe, mkuu.

Mimi nilimsainia shemeji yangu wa Morogoro, ana duka la vifaa vya ujenzi. Mkopo ulikuwa milioni 40. Ofisa mikopo aliniletea hati nzima kwa Kiingereza, akawa anafunua kurasa kwa kidole gumba huku kiganja chake kimefunika maandishi, kilichobaki wazi ni ile kona ya chini ya kuweka herufi za jina. "Hizi ni fomu za kawaida tu, kaka, mdhamini ni shahidi." Mdhamini ni shahidi! Sitaki kumtaja, ila aliyefundishwa kazi ya mikopo anajua kabisa kwamba shahidi hauziwi kiwanja chake kulipa deni la mtu. Muhuri wa wakili nao uligongwa baadaye, chini ya maneno kwamba nilisaini mbele yake. Sijawahi kumwona huyo wakili mpaka leo.

Sehemu ya kiasi haikuwa na tarakimu. Iliandikwa kwamba nadhamini "fedha zote zinazodaiwa sasa na zitakazodaiwa baadaye". Kifungu hicho ndicho kilichonimaliza. Shemeji alilipa marejesho vizuri mwanzoni, benki ikamwongezea ovadrafti (ruhusa ya kutoa hela kuliko iliyomo kwenye akaunti), kisha ikampangia upya mkopo uliochelewa, na mimi sikuambiwa lolote. Biashara ilipoyumba nikaletewa barua ya madai: mkopo, ovadrafti, riba na penati, jumla inakaribia milioni 70, jina langu juu.

Nikasema waanze na kampuni kwanza, ina lori na mzigo dukani. Wakili niliyempata wakati huo (wa kweli, aliyesoma hati) akanionyesha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345: dhima ya mdhamini ni sawasawa na ya mkopaji, mkataba usiposema vinginevyo. Benki haikulazimika kumaliza na mkopaji ndipo inifikie mimi. Tulikuwa wadhamini wawili, nikadhani angalau tutagawana. Hati ilisema tunadaiwa kwa pamoja na kila mmoja peke yake, maana yake benki inamchukua yeyote aliye rahisi kupatikana na kumdai deni lote. Mwenzangu hakuwa na mali. Mimi nilikuwa na kiwanja Kihonda.

Kuna jambo moja linaloniuma kuliko yote. Sheria hiyohiyo inamlinda mdhamini: masharti ya mkopo yakibadilishwa bila ridhaa yako, udhamini wako unafutika kwa miamala inayofuata. Ningepona pale kwenye ovadrafti. Lakini ndani ya hati kulikuwa na kifungu kidogo kwamba naridhia mapema mabadiliko yoyote watakayofanya. Kinga niliyopewa na sheria niliitoa kwa herufi mbili za jina langu kwenye kona ya karatasi.

Nyumba ilipona kwa sababu ya mke wangu tu. Walitaka kuiweka rehani juu ya udhamini, akakataa kusaini, na Sheria ya Ndoa ya 1971 haikuruhusu nyumba ya familia iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenza. Nyumbani tulinuniana sana kwa ajili ya "kumnyima kaka yake msaada". Leo namshukuru kila siku. Kwa hiyo kama mkeo anasitasita, msikilize, hata kama anayeomba ni ndugu yake wa damu.

Kanuni yangu ni hii na sitaibadilisha kwa mtu yeyote: usisaini udhamini usio na kiasi cha juu kwa tarakimu na tarehe ya kuisha. Milioni 15, mpaka Desemba mwakani, ovadrafti haimo, nyongeza haimo mpaka nisaini upya. Benki ikisema fomu yao haina nafasi ya kuandika hivyo, basi na jina lako halina nafasi kwenye fomu hiyo. Shemeji akinuna, anune. Kununa kunaisha. Na kama umeshasaini udhamini usio na kikomo, bado unaweza kuipelekea benki notisi ya maandishi kwamba hudhamini mikopo mipya kuanzia siku hiyo, isipokuwa kama hati imekunyima haki hiyo. Itunze nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Mambo ya BRELA na VAT wapo humu watakaokujibu vizuri. Wewe piga picha ukurasa wenye kifungu cha kiasi na ule wenye maneno ya mabadiliko, ficha majina, uweke hapa leo kabla hujaenda benki. Nitavisoma usiku huu.