Kabla ya kutaja mti, mwambie fundi gitaa litaishi wapi

Ukimwendea fundi wa magitaa kwa mara ya kwanza, usianze na jina la mti. Wengi wetu tunaanzia hapo: nataka la mpingo, nataka la mninga, kama mtu anayechagua kitambaa cha suti. Mzee aliyenitengenezea langu, Arusha, kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake, hakuniacha nifike kwenye mbao. Aliuliza kwanza ninaishi wapi.

"Tanga."

"Tanga mjini au juu Lushoto?"

"Mjini, mzee."

"Chumbani kuna AC?"

Hakuna. Akaguna, akavuta daftari, akaandika. Ndipo akasema, "Haya mwanangu, sasa nionyeshe mikono."

Tangu hapo, mtu akiniomba ushauri kuhusu kuagiza gitaa la kutengenezewa, namwambia apime fundi kwa maswali anayouliza. Anayekimbilia bei na rangi kabla hajajua gitaa litakaa wapi na litapigwaje atakutengenezea kitu kizuri cha kutundika ukutani.

Suala la hewa si utani. Uso wa gitaa, yaani ule ubao wa mbele wenye tundu, una unene wa milimita 2.5 hadi 3 hivi. Ubao mwembamba namna hiyo unanyonya unyevu na kuutoa siku zote, na unapovimba unatanuka kwa upana, karibu hautanuki kwa urefu. Kingo zake zimegandishwa kwenye mbavu, yaani mbao za ubavuni, kwa hiyo hauna pa kwenda ila kutuna juu. Ukituna, daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi usoni, linapanda, nyuzi zinapanda nalo, na ile kodi (chord) ya F uliyokuwa unaibana bila shida inaanza kukutoa jasho. Hewa ikikauka, mambo yanageuka: uso unashuka, nyuzi zinagusa freti, vile vyuma vya shingoni, na sauti inazimika, na ukavu ukizidi ubao unapasuka.

Viwanda na mafundi wa Ulaya na Marekani huunganisha magitaa yao kwenye unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Huku pwani, asubuhi za masika, kipimo hupita 80. Sasa unaelewa kwa nini gitaa zuri la dukani, lililotoka kiwandani likiwa limenyooka kabisa, likikaa Tanga, Mombasa au Unguja mwaka mmoja linaanza kupigika kwa taabu. Kiwanda hakijakosea. Kililitengeneza kwa hewa nyingine.

Mzee wangu alikuwa na kipima unyevu ukutani, na mbao za uso alizihifadhi kwenye sanduku lenye balbu inayowaka. Kwa gitaa la pwani alibandika fito za ndani, zile zinazoimarisha uso, unyevu ukiwa asilimia 55 hivi, ili masika yasilitunishe sana na kiangazi kisilipasue. Muulize fundi wako anabandika fito kwenye hewa gani. Akikuangalia kama umemuuliza habari za mwezini, shukuru kwa chai uondoke.

Mikono je? Hapo ndipo unaposema ukweli kuhusu upigaji wako. Mimi napiga kwa vidole, mtindo ule wa zamani wa Katanga, Kongo, ambao hayati Mwenda Jean Bosco aliutangaza kote tunakozungumza Kiswahili: gumba linashika besi, kidole cha shahada kinatembea na wimbo. Upigaji huo unataka nafasi kati ya uzi na uzi, na uso mwepesi unaoitika ukiguswa tu. Anayekwangua kwa nguvu kusindikiza kwaya anahitaji kitu kingine, chenye uso mnene kidogo, la sivyo sauti inakorogeka akiongeza mkono. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, shingo upande wa kichwani huwa na upana wa milimita 43 hadi 45. Mimi nilichukua 45. Yale ya nailoni hufika 52.

Na tafadhali, amua mapema kati ya chuma na nailoni. Seti ya kawaida ya chuma, ile ambayo uzi wake mwembamba kabisa ni namba 12, inavuta kwa jumla zaidi ya kilo 70. Nailoni huvuta kama kilo 40. Mtaani kwetu watu wanafunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni kwa sababu "zinalia zaidi", halafu miezi michache baadaye daraja linang'oka na wanalaumu gundi.

Urefu wa uzi, kutoka mwanzo wa shingo kichwani hadi darajani, nao unaamuliwa sasa, kwa sababu freti zikishachimbiwa hakuna kurudi. Kipimo kirefu kilichozoeleka ni milimita 645, kifupi ni 632. Ni tofauti ndogo ukiiangalia kwenye rula, lakini kwa nyuzi zilezile gitaa fupi ni laini zaidi chini ya vidole. Kama mikono yako ni midogo, chukua fupi, na usisikilize wanaokuambia refu ndilo la wanaume.

Sasa tuje kwenye miti, maana najua ndiyo uliyoijia. Uso ndio unaotoa sehemu kubwa ya sauti. Mhispania Antonio de Torres, fundi ambaye gitaa la nailoni la leo linafuata umbo lake, aliwahi kulionyesha hilo kwa njia ya kipekee: mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi iliyogandishwa, akaweka uso mzuri wa mbao. Gitaa hilo bado lipo kwenye makumbusho ya muziki Barcelona. Kwa hiyo bajeti ikibana, usiibane kwenye uso. Uso wa sprusi (spruce), mti wa nchi za baridi, itabidi uagizwe nje. Huja vibao viwili vilivyopasuliwa kutoka gogo moja na kufunguliwa kama kurasa za kitabu. Wako mafundi wanaonunua piano kuukuu zilizokufa ili wachukue ubao wake wa sauti, ambao mara nyingi ni sprusi iliyokauka miaka mingi. Usicheke, ni mbao safi.

Kwa mgongo na mbavu tuna bahati. Mninga tunaoufanyia milango na vitanda ni miongoni mwa mbao zinazocheza kidogo sana hewa inapobadilika, na kwa mtu wa pwani sifa hiyo inashinda uzuri wa rangi. Langu ni mninga mgongoni, shingo ni mkangazi, na mpingo uko mahali pawili tu: ubao wa freti na daraja.

Kwa nini si mpingo mtupu? Kwanza ni mzito, kipande chake kinazama majini. Pili, mti wenyewe unakua taratibu mno, mara nyingi umepinda na una mashimo, kwa hiyo kupata ubao mpana ulionyooka wa kutosha mgongo wa gitaa ni kazi. Miti ya Kilwa na Lindi hutoa zaidi vipande vifupi, ambavyo vinawatosha watengenezaji wa klarineti wanaougombania. Anayekuahidi mgongo wa mpingo wa vipande viwili kwa bei ya kawaida, mwombe uuone na uubebe mkononi. Kisha omba karatasi. Mti huo, pamoja na karibu jamii yake yote, uko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017. Ala iliyokwisha kutengenezwa iliondolewa kwenye sharti la vibali mwezi Novemba 2019, lakini ubao mbichi haukuondolewa. Ukitaka kumtumia fundi aliye nje mbao kutoka huku, anza na ofisi ya TFS, wakala wa misitu Tanzania, usianze na basi la usiku.

Ukiamua kununua mbao mwenyewe, angalia kichwa cha ubao, pale ulipokatwa. Mistari ya umri wa mti isimame wima kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ikilala au ikipinda kama tabasamu, ubao huo utajikunja. Na ubao uliotoka kwenye duka la mbao wiki hii haufai wiki hii. Fundi wangu ana mninga uliokuwa kwenye dari la kibanda chake tangu mtoto wake wa mwisho akiwa shule ya msingi. Sasa kijana ana mke.

Huna haja ya kukaa karakana kila siku, fundi atakuchoka. Omba siku mbili tu: siku ya kukunja mbavu, na siku moja kabla mgongo haujafungwa.

Ya kwanza ni ya kujifurahisha, sitakudanganya. Kuna bomba la chuma lililobanwa kwenye jiriwa, ndani yake moto. Ubao wa mninga wa milimita 2 unaloweshwa kidogo, unawekwa juu ya bomba, unalia chwaa, mvuke unapanda na harufu yake tamu inajaa kibanda. Mzee aliutikisa taratibu huku na huku, kiganja kimoja juu, bila kutumia nguvu. Nilipojaribu nikasukuma. "Usiusukume. Ungoje uchoke." Na kweli, unafika wakati unausikia mkononi ubao ukilegea, na hapo unakwenda unapoupeleka. Unashikiliwa hivyohivyo hadi upoe kidogo, kisha unahamia sentimita chache mbele.

Ya pili ni ya lazima. Mgongo ukishagandishwa, hutaona tena fito za ndani isipokuwa kwa kioo na tochi. Kwenye gitaa la chuma fito mbili kuu zinapishana kama herufi X, mpango ambao kampuni ya Martin ya Marekani ilikuwa ikiutumia tangu miaka ya 1840. Kwenye nailoni zinatawanyika kama vidole, mpango aliouimarisha Torres. Mzee alishika uso kwa ncha za vidole karibu na sikio, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Tok. Akachukua patasi, akapunguza fito moja, maganda membamba yakaanguka, akagonga tena. Alirudia hadi ule mlio mfupi ukapata mkia. Huhitaji kuwa fundi kusikia tofauti. Wakati uko hapo pitisha kidole kwenye maungio: pasiwe na mwanya, wala gundi iliyojaziwa kuficha mwanya.

Malipo yafuate hatua hizohizo: sehemu ya kununulia mbao, sehemu siku ya kuona fito, iliyobaki siku ya kulipiga. Usilipe zote mbele hata kwa fundi unayempenda, na usimbane kwa tarehe ya harusi ya mtu. Tegemea miezi, na foleni yake ikiwa ndefu, zaidi.

Umaliziaji: sheleki (shellac), aina ya vanishi ya asili, ya kupakwa kwa kitambaa ni nyembamba na haizuii sauti, lakini jasho la pwani na mkono wako wa kulia vitaila. Mimi niliomba sheleki usoni na vanishi ngumu zaidi sehemu zinazoguswa na mwili. Kwa anayekesha kwenye maharusi, vanishi kote.

Siku ya kuchukua, pima kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12: kama milimita 2.5 kwa uzi mnene na 2 kwa mwembamba ni pazuri pa kuanzia kwa gitaa la nyuzi za chuma. Hakikisha shingo yake ina chuma cha kurekebishia ndani, na kwamba fundi amekupa spana yake. Nyumbani lilaze kwenye sanduku lake, mbali na ukuta wa nje, pamoja na pakiti za silika za kunyonya unyevu ambazo utazibadilisha zikishalowa. Mchele uache jikoni, unaleta wadudu. Usiliache kwenye gari juani, kwa maana gundi nyingi za mbao hulegea kwa joto, na nyuzi hazipumziki kuvuta.

Kisha kubalianeni, kabla hujaondoka, kwamba utalirudisha baada ya masika ya kwanza. Uso mpya utakuwa umetulia mahali pake, na fundi atashusha kidogo mfupa wa daraja, ule unaobeba nyuzi, au kukaza shingo. Kazi yenyewe haijazi hata nusu siku. Langu lilihitaji kupunguzwa mfupa kiasi cha unene wa kadi ya simu, na mzee hakutaka hela. Alitaka alipige kwanza, peke yake, mlango umefungwa.