Kabla hujafuta jina, uliza la mama

Juzi nimemkuta kijana wetu mpya anafuta mstari kwenye orodha ya waliotoweshwa. "Huyu amejirudia," akaniambia. Nikamshika mkono. Wadogo zangu mnaoanza kazi hii hapa Mombasa, tutasemezana hili mpaka lini?

1. Usifute. Rekodi zikifanana zipe namba moja ya kundi, za asili zibaki.

Mimi nilifuta. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na orodha mbili. Ya kwanza ina Mohamed Ali, miaka 23, wa Likoni, alichukuliwa usiku mwezi wa Ramadhani. Ya pili ina Ali Mohamed, miaka 24, Likoni, usiku, wiki ileile. Nikaona ni mtu mmoja, jina limegeuzwa tu, nikamtoa wa pili. Miezi minne baadaye mama mmoja akavuka feri, akaja na picha ndogo ya mwanawe ameivika plastiki. Akauliza tumemwandika wapi. Nikatafuta mara tatu, hayumo. Hakugomba. Alivuta kiti akasema, "Basi andika tena, mwanangu," akaanza mwanzo: shati la samawati, malapa, kovu juu ya jicho la kushoto. Niliandika macho yamenijaa. Fomu zetu hazikuwa na nafasi ya jina la mama. Vijana wale walikuwa na mama wawili tofauti, na simu moja ingetosha kunionyesha.

2. Kosa hilo la kuwafanya watu wawili kuwa mmoja huharibu hesabu nzima. Walio kwenye orodha zote mbili ndio hutusaidia kukadiria waliotoweshwa wote, hata wasioandikwa popote. Orodha moja ikiwa na watu 100, nyingine 80, na 40 wamo kote, makadirio ni 100 mara 80 gawa kwa 40: watu 200. Unganisha kimakosa kumi tu, walio kote wawe 50, jibu linashuka hadi 160. Watu 40 wamezikwa kwenye jedwali, wala hakuna aliyewagusa. Ukishindwa kuwaoanisha wanaofanana, jibu linapanda, na wanaokanusha watalishika hilo hilo kutuita waongo.

3. Orodha mbili hazitoshi, kwa sababu aliyeripotiwa kwa wanaharakati mara nyingi ndiye huyohuyo aliyeripotiwa kwa wazee wa mtaa, basi walio kote wanazidi na jibu linashuka. Tafuteni ya tatu na ya nne. Tume ya ukweli ya Peru mwaka 2003 ilikuwa na watu wapatao 24,000 walioripotiwa kufa au kutoweka. Kwa kulinganisha orodha kadhaa ikakadiria 69,280, na ikataja wazi kiwango cha chini na cha juu. Nanyi msitoe namba moja kavu.

4. Andikeni jina la babu, la utani, na tarehe kama familia inavyoikumbuka, hata ikiwa ni "siku ya tatu baada ya Idi". Mtaigeuza baadaye.

Kijana wetu saa hizi yuko kwenye foleni ya feri, anakwenda Likoni kuuliza majina mawili ya mama. Mstari wake nimeurudisha.