Tairi la nyuma la Vespa

SWALI: Nipo Unguja, nina Vespa PX, tairi la nyuma limekwisha kabisa. Naweza kubadilisha mwenyewe nyumbani au lazima fundi?

JIBU: Unaweza kabisa ndugu yangu. Tia gia ya kwanza gurudumu lisizunguke, fungua zile nati 5 zinazoshika gurudumu kwenye ngoma ya breki kwa spana namba 13, gurudumu linatoka zima. Sasa hapa nisikilize vizuri, rimu ya Vespa ni vipande viwili, TOA UPEPO WOTE kwanza ndo ufungue nati zinazoviunganisha, maana ukifungua tyubu ikiwa na upepo kipande kinaweza kukurukia usoni, tafadhali sana usifanye haraka. Saizi ya tairi ni 3.50-10. Tyubu mpya ipake poda, ijaze upepo kidogo isije ikabanwa na rimu, kisha unganisha vile vipande viwili vya rimu na kaza nati zake kwa kupishanisha.