Karama hakuomba msamaha

Mhariri, wiki hii mmeuliza: katika hadithi za nchi zinazotawaliwa kwa hofu, ni mhusika gani ambaye upinzani wake umekugusa zaidi? Mimi namtaja Karama wa Kusadikika.

Shaaban Robert alikichapisha kitabu hicho mwaka 1951. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha sheria. Akipewa nafasi ya kujitetea, haombi msamaha wala hamtukani mtu. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi yao wenyewe, wakarudi na maarifa, wakatupwa gerezani: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Baraza lililowasahau, au lililojifanya limewasahau, linalazimika kuketi na kuwasikiliza mmoja baada ya mwingine. Utetezi wake wote ni kumbukumbu, na unamfungua yeye pamoja nao.

Yoko Ogawa wa Japani ameandika kisiwa kisicho na Karama. Riwaya yake ya mwaka 1994 ilitoka kwa Kiingereza mwaka 2019 kwa jina The Memory Police, yaani Polisi wa Kumbukumbu. Humo vitu vinafutwa kimoja kimoja: kengele, manukato, ndege. Siku ya mawaridi, watu wenyewe wanayatupa mtoni. Hapo ndipo nilipoumia kuliko kwenye kamatakamata zote za kitabu: anayepotezewa anasaidia kupoteza, tena kwa adabu. Mama wa msimulizi, mchongaji, anavificha vitu hivyo kwenye droo na kumwonyesha bintiye. Polisi hao wanakuja kumchukua.

Hapa Dar es Salaam, konda wa daladala ya Sinza bado anaita "Kwa Remmy!" Mwanamuziki Remmy Ongala, ambaye kituo hicho kina jina lake, alifariki Desemba 2010. Watoto waliozaliwa baada yake wanashuka pale na sare zao za shule, na jina lake wanalitaja kila siku bila kuamriwa na mtu. Kariakoo mambo ni mengine. Nyumba nyingi za zamani zimepisha maghorofa, na wazee waliokaa barazani wakikumbushana nani alikuwa mtoto wa nani wametawanyika hadi Mbagala na Chanika. Hakuhitajika askari, bei ya kiwanja ilitosha.

Kusadikika tulifundishwa kama fumbo la ukoloni, na ni kweli. Lakini nawaomba walimu, kabla ya kuuliza dhamira, wawatake wanafunzi wayataje majina ya wale sita bila kuchungulia kitabu. Karama aliweka shingo yake rehani ili yasikike.