Jeshi la Marekani Halitakuuliza, Watu wa Nyumbani Ndio Watauliza

Juzi kijana wa Kayole aliniandikia. Ameshinda bahati nasibu ya viza, anajisomea ASVAB, mtihani wa kuingia jeshini, anataka kuingia jeshi la Marekani kama mimi, na anapenda wanaume wenzake. Swali lake: "Kaka, yule afisa wa kuandikisha nimwambie au ninyamaze?" Najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyo hiyo, kwa hivyo nawajibu nyote.

Afisa hatakuuliza. Na tangu tarehe 20 Septemba 2011, hata ukijitaja mwenyewe huna kesi, uwe shoga, msagaji au mtu anayependa jinsia zote mbili. (Waliobadili jinsia mambo yao ni mengine, mwaka 2025 walifungiwa mlango tena. Msichanganye.)

Mimi niliingia 2006, enzi za sera ya "Usiulize, Usiseme". Ilipitishwa 1993 wakati wa Clinton, na ukiisikia juu juu utadhani ni ya huruma. Kamanda hakuruhusiwa kukuuliza, lakini ukisema, au mtu akimpelekea habari za kuaminika, uchunguzi unaanza na unarudishwa uraiani. Zaidi ya watu 13,000 waliondolewa hivyo. Wengine sababu iliandikwa wazi kwenye DD-214, cheti cha kuondokea jeshini, na hicho ndicho mwajiri hukuomba kwanza. Yaani unatafuta kazi huku cheti chako kinakutangaza.

Sasa fikirieni ni nani hunufaika na sheria ya namna hiyo. Ni yule anayejua siri yako.

Wangu alikuwa Mkenya mwenzangu. Tulikutana kambini Texas, tukafurahi kupata mtu wa kuongea naye Kiswahili na kupika ugali Jumamosi. Siku moja akasoma ujumbe kwenye simu yangu. Hakupiga kelele. Alitabasamu tu, akasema, "Usijali, ndugu, sisi ni wa nyumbani." Tangu siku hiyo zamu zake za lindo za wikendi zikawa zangu. Akaanza kukopa dola, halafu akaacha hata kutumia neno kukopa. Nilipopandishwa cheo kuwa sajini (na nilistahili, alama zangu za kulenga shabaha ziliwashinda wengi), nikawa namwamrisha mchana na kumlipa usiku.

Obama alitia saini kuifuta ile sheria Desemba 2010, lakini ilichukua miezi tisa kuanza kutekelezwa. Miezi hiyo nililipa kama kawaida. Ilipofika ile Septemba 20 nilimfuata kantini mbele ya watu, nikamwambia, "Leo nenda kamwambie kamanda. Nitakusindikiza." Sijawahi kujisikia mrefu kama siku ile!

Hakwenda kwa kamanda. Alipiga simu Nairobi.

Kabla wiki haijaisha mama alikuwa amezima simu, shangazi amepeleka jina langu kwenye maombi ya kanisa, na kamati ya harusi ya ndugu yangu imenirudishia mchango. Pesa niliyotuma ya kuezeka nyumba haikurudishwa. Mabati yangu yangali juu ya vichwa vyao, na mvua hawaijui.

Kwa hivyo, mdogo wangu, chagua wa kumwambia. Usidhani Mkenya mwenzako ni salama kwa sababu mnaongea lugha moja. Chagua wa kumwambia, narudia. Na ukija likizo, ukishuka uwanja wa ndege wa JKIA Nairobi tu, ile sheria ya kambini umeiacha nyuma. Huku kuna kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotumika dhidi ya ngono kati ya wanaume, miaka 14 jela, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Wanaowazia Uingereza nao ni vivyo hivyo: jeshi lao lilifungua mlango Januari 2000 baada ya kushindwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, lakini ukija likizo Umoja au Rongai, sheria ni hii yetu.

Na nyinyi mnaotuma pesa kila mwezi mkingoja kupendwa, acheni. Tumeni kwa sababu mnataka kutuma. Anayekuheshimu kwa ajili ya dola atakuvunjia heshima bila kukurudishia hata moja. Wazazi nanyi, mkimwombea mtoto kanisani, mpigieni simu pia.

Jambo la mwisho ni la karatasi, na hili vijana hulipuuza. Ukifika utajaza DD 93, fomu inayosema nani apigiwe simu ukijeruhiwa au ukifa, na ile ya bima ya maisha. Kwenye bima unaruhusiwa kumwandika mtu yeyote, hata asiye jamaa yako. Usijaze jina la mzazi kwa mazoea. Mimi nilimwandika dada yangu mdogo, wa pekee aliyenipigia wiki ile, na bima niliyoendelea kuilipia baada ya kutoka jeshini bado ina jina lake. Ndugu yangu mwenye harusi aliniuliza mwaka jana, kwa upole sana, kama lake limo. Halimo.