Maswali na Majibu: Kupata Mahali Ndani ya Jengo kwa Sauti

Simu ikisikia spika kwa nguvu zaidi, si ndiyo iko karibu zaidi?

Hapana, na swali hili limejibiwa mara nyingi mno. Kidole kikiziba maikrofoni, nguvu inashuka na umbali uko pale pale. Pima muda ambao mlio unatumia kusafiri kutoka spika hadi simu.

Nasoma saa programu inapoamuru mlio utoke, kisha mlio unapofika simu ya pili. Majibu yanaruka kwa mita kadhaa.

Unapima uchelewaji wa mfumo. Kati ya amri na mlio hupita makumi ya milisekunde, na hayalingani kila mara. Kwenye nyuzi 20 za Selsiasi sauti huenda mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde moja ni sentimita 34. Achana na saa, hesabu sampuli, yaani vipimo vya sauti ambavyo simu huchukua kwa mpigo sawa inaporekodi. Simu A na B zirekodi mfululizo. A ilie, kisha B. Kila simu ihesabu sampuli kati ya milio hiyo miwili katika rekodi yake yenyewe. Toa hesabu ya B kwenye ya A, gawa kwa 2, zidisha kwa milimita 7 ukirekodi sampuli 48,000 kwa sekunde. Ongeza sentimita chache za kutoka spika hadi maikrofoni ya simu yenyewe.

Nimeweka spika nne ukumbini, na simu inatafuta mahali pake kwa tofauti za muda wa milio yake kufika. Majibu ni mazuri mwanzoni, kisha yanateleza.

Saa za spika hizo zinaachana. Tofauti ya sehemu 20 kwa milioni huleta kosa la sentimita 41 kwa dakika. Zilishe spika zote sauti kwa waya kutoka chanzo kimoja. Na usizipange mstari mmoja.

Nikilinganisha rekodi na mlio napata vilele kadhaa, kila kimoja ni mahali mlio unapoonekana. Nichukue kilele kirefu zaidi?

Cha kwanza kinachopita kelele. Mtu akisimama katikati, mwangwi wa dari huushinda mlio wenyewe.

Natumia mlio mwembamba ili watu wasiusikie, lakini kwenye rekodi, juu ya masafa ya kilohezi 18, sioni kitu.

Zima kipunguza kelele. Kwenye Android omba chanzo cha UNPROCESSED, yaani sauti ya maikrofoni isiyochakatwa. Mlio uwe faili ya WAV, isiyobanwa, si MP3. Masafa yake yapande kutoka kilohezi 17 hadi 20, na mlio uanze na kuisha taratibu, la sivyo utasikika ukigonga.

Kwa kuwa mlio hausikiki, kuna haja ya kuwaambia watu?

Ipo, tena kubwa. Watoto wengi huusikia. Na maikrofoni iliyo wazi ni maikrofoni: Machi 2016 FTC, tume ya Marekani inayolinda watumiaji, iliwaandikia barua za onyo watengenezaji wa programu zilizobeba msimbo wa kampuni ya SilverPush, ulioweza kunasa milio ya namna hii kutoka kwenye televisheni. Omba ruhusa waziwazi, fanya hesabu ndani ya simu, futa rekodi papo hapo.